Mchu Unaishije Ndani ya Chumvi?

Mwanafunzi wa Kilwa Masoko anaweza kuikariri osmosisi bila kukosea: maji hupenya utando wa seli kutoka upande wenye chumvi kidogo kwenda upande wenye chumvi nyingi. Akiteremka pwani maji yakijaa, anaikuta mikoko imezama nusu ya shina na majani yake mabichi kabisa. Kwa kanuni ile, bahari ingepaswa kuinyonya miti hiyo mpaka ikauke. Laiti somo lingeanzia kwenye swali hilo.

Kanuni yenyewe ni kweli, na watengeneza ng'onda wanaishuhudia kila siku. Samaki akishapasuliwa na kutiwa chumvi, maji huanza kumchuruzika kabla jua halijamgusa. Vijidudu vya kuozesha navyo hunyang'anywa maji kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana samaki hukaa.

Sasa turudi kwenye mti. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na mzizi hauwezi kupata maji hayo bila kuishinda nguvu ya chumvi iliyoko nje. Nguvu ya kuishinda hutoka juu, majanini. Jua linapovukiza maji kupitia vitundu vya jani, maji yaliyomo ndani ya mti huvutwa kwenda juu, na mvuto huo hushuka kwenye shina hadi mizizini. Pale mizizini maji hulazimika kupita kwenye seli zinazochuja. Mkoko, ule wenye mizizi mirefu inayochomoza shinani na kuinamia matopeni, huiacha nje zaidi ya asilimia 90 ya chumvi.

Mchu, aina nyingine ya mikoko, nao huchuja, ila maji yanayopanda ndani yake hubaki na chumvi zaidi, na chumvi hiyo lazima itolewe. Chuma jani la mchu siku ya jua kali, kabla mvua haijaliosha, uligeuzegeuze mwangani: utaona chembe nyeupe zinazometa. Liguse kwa ulimi. Chumvi hiyo imesukumwa nje na tezi ndogo mno za jani, na hapa osmosisi peke yake haitoshi kueleza. Tezi huisukuma kinyume na mwelekeo ambao ingeufuata yenyewe, na kazi hiyo hutumia nishati ya sukari ambayo mti umeitengeneza kwa mwanga wa jua. Jani hilo moja lina mada mbili za biolojia, na kulipata hakuhitaji maabara. Ningependa kila mwalimu wa mwambao wa Lindi aingie nalo darasani kabla ya kuandika lolote ubaoni.

Uwezo wa miti hii kuishinda chumvi una kikomo. Nyuma ya mikoko kuna tambarare ambako bahari hufika wakati wa bamvua tu. Maji yakishakauka, chumvi hubaki ikirundikana hata kuzidi ya baharini. Mkoko haushiki hapo; mchu ukiota hudumaa. Sehemu za namna hii huwafaa watengeneza chumvi, lakini tuta la shamba la chumvi likiziba mkondo, mikoko iliyobaki upande wa ndani hukosa maji ya kujaa na kupwa ambayo huisuuza mizizi yake. Chumvi huzidi kile ambacho mizizi na tezi vinaweza kukimudu, na miti hiyo hukauka, hata kama bahari iko hatua chache tu ng'ambo ya tuta.