MITA NNE: KIMO CHA MATELA YA MALORI KATIKA ULAYA



Mhariri ameniomba nieleze jambo lo lote la kazi yangu litakalowafaa wanafunzi. Mimi nilisoma shule hii, na sasa ni karani katika ofisi ya kusafirisha mizigo huko Antwerp, Ubelgiji. Kazi yangu ni kuyapangia malori njia za kwenda Ujerumani, Italia, na mara moja moja Uingereza. Barua nizipatazo kutoka nyumbani huniuliza sana habari ya uzito wa mizigo, wala hakuna hata moja iliyopata kuuliza habari ya kimo. Walakini uzito ukizidi, mwenye lori hutozwa faini. Kimo kikizidi, paa la tela hubaki darajani.

Sheria yenyewe ni fupi. Lori liendalo kutoka nchi moja hadi nyingine katika Umoja wa Ulaya, pamoja na tela lake na mzigo wake, lisizidi mita 4 kutoka ardhini hadi mahali palipo juu kabisa. Sheria itumikayo ni ya mwaka 1996, nayo imefanyiwa marekebisho baadaye, lakini kipimo hicho cha mita 4 kimebaki. Watu wengi huisoma kama katazo. Mimi naiona zaidi kuwa ahadi, maana yasema kwamba nchi mwanachama haina ruhusa kulizuia lori la wenzake kwa sababu ya ukubwa wake, maadamu halikuvuka vipimo vilivyokubaliwa. Barabara fulani yenye daraja fupi yaweza kufungwa kwa kibao, hilo ni jambo jingine.

Nchi ikipenda yaweza kuruhusu kimo kikubwa zaidi kwake yenyewe. Finland iliruhusu mita 4.4 mwaka 2013. Ireland iliweka mita 4.65 mwaka 2008, miaka miwili baada ya kufunguliwa handaki la barabara iendayo bandari ya Dublin. Sweden haina kipimo cha nchi nzima. Lakini malori hayo marefu yakivuka mpaka, haki yao imebaki nyuma.

Hebu sasa tufanye hesabu kidogo. Bila shaka mmeona makontena yapitayo Malaba kwenda Kampala. Yako ya kimo cha kawaida, futi 8 na inchi 6, na yako marefu zaidi, futi 9 na inchi 6, yaani karibu mita 2.90. Toa 2.90 katika 4, itabaki mita 1.10 tu. Katika nafasi hiyo lazima yaenee matairi, ekseli, springi na chesi. Chesi iliyonyoka haiwezi kwa urahisi, kwa kuwa upande wa mbele tela huegemea juu ya kichwa cha lori. Basi mafundi waliikunja: sehemu ya mbele huinuka kama shingo ya bata, na chini ya kontena la futi 40 mna mfereji ambao shingo hiyo huingia ndani yake. Kontena likishawekwa, hukaa chini kuliko vile ungedhani.

Viwanda vya motokaa vilitaka zaidi. Vyuma na vifaa vyao huchukuliwa katika masanduku yenye kimo cha mita 1, nao hutaka kupanga masanduku matatu, moja juu ya jingine. Hiyo ni mita 3 ndani ya tela! Paa na sakafu nazo zina unene wao, kwa hiyo chini hapafiki hata mita 1. Ndiyo sababu matela hayo yana matairi madogo, na kichwa chake hufanywa kifupi: sahani ya kuungia tela huwa karibu sentimita 95 kutoka ardhini, hali ya kichwa cha kawaida huzidi mita 1.1.

Hapa ndipo penye hatari, na pasipo macho makali hapaonekani. Tela laweza kuwa halali asubuhi na kuvunja sheria mchana, wala asiliguse mtu ila kulibadilishia kichwa. Kampuni moja tuliyokuwa tukiipa kazi, jina lake nitaliacha, ilifungia tela la namna hiyo kichwa cha kawaida kwa kuwa kile kifupi kilikuwa kwa fundi. Pembe ya mbele ilipanda sentimita 15. Polisi wa Ujerumani walilipima wakalisimamisha pale pale, na dereva, mzee mwenye adabu asiyekuwa na kosa lo lote, alilala garini siku 2 akingoja kichwa kingine, huku kiwanda kikipiga simu kila saa. Kadhalika tela lenye springi za chuma, likiisha kupakuliwa, huinuka. Daraja ulilopita chini yake ukiwa na mzigo huenda likakugonga ukirudi mtupu.

Uingereza, iliyotoka katika Umoja mwaka 2020, haina kipimo cha kimo kwa malori yote. Huko kuna matela ya sakafu mbili yanayokaribia mita 4.9, kwa sababu madaraja ya barabara zao kuu huacha nafasi ya futi 16 na inchi 6, yaani mita 5.03, na daraja lililo fupi kuliko hapo kwa kawaida hutiwa kibao. Gari lenye kimo cha zaidi ya mita 3 lazima liwe na maandishi ya kimo chake mbele ya macho ya dereva. Sheria hiyo naisifu sana. Matela hayo ya sakafu mbili hayaji kwetu. Nasi tukienda kwao, vibao vya zamani vyaweza kuwa vya futi na inchi peke yake, kwani ni tangu mwaka 2015 kwamba vibao vipya lazima vionyeshe na mita. Dereva wangu wa mita 4 akikuta kibao cha futi 13 na ageuke: futi 13 ni mita 3.96. Sentimita 4 zatosha kung'oa paa.

Mita 4 hizo zimefika hata kwenye reli. Waswisi walitaka matela yavuke milima ya Alps juu ya mabehewa ya treni badala ya kujaza barabara, lakini mahandaki ya zamani yalikuwa mafupi mno kwa tela lenye pembe za mita 4. Walichimba handaki la Gotthard, kilomita 57, likafunguliwa mwaka 2016, na la Ceneri mwaka 2020; na mahali pengine njiani walipanua au kujenga upya. Tangu Desemba 2020 tela la kimo hicho laweza kupandishwa juu ya behewa na kupita Gotthard hadi Italia, na dereva asiwe na haja ya kuangalia kibao hata kimoja.