Cheti cha ndoa cha parokia na haki ya mjane wa askari wa Marekani



Wapo vijana wa Tanzania, Kenya na Kongo waliokwenda Marekani, wakapata ukaazi wa kudumu, kisha wakajiunga na jeshi la huko. Sheria yao inaruhusu hata kabla mtu hajapata uraia. Baadhi yao wana mke huku nyumbani, au watoto wanaolelewa na bibi. Askari wa namna hiyo akifariki, hata kama aliacha jeshi zamani, huenda familia yake ina haki ya kulipwa kila mwezi. Hapa sizungumzii kiinua mgongo cha aliyetumikia miaka ishirini. Hata aliyetumikia miaka minne anahesabika, mradi hakufukuzwa kwa aibu.

Malipo hayo hutolewa na idara ya serikali ya Marekani inayohudumia waliowahi kuwa askari, ambayo wengi huiita VA. Fidia kubwa inaitwa DIC, na mwaka 2025 mjane alilipwa zaidi ya dola 1,650 kwa mwezi. Sharti lake ni kwamba kifo kiwe kimetokana na utumishi wa jeshi. Kama hakikutokana nao, ipo pensheni nyingine kwa wajane wenye kipato kidogo sana, ikiwa marehemu alitumikia wakati unaohesabiwa kuwa wa vita. Kwa hesabu yao, wakati huo ulianza tena tarehe 2 Agosti 1990 na haujafungwa.

Sisi wa falsafa tunafundishwa kutenganisha sababu ya karibu na sababu ya mbali, na hapa somo hilo lina kazi. Cheti cha kifo kinaweza kuandika tu kwamba moyo ulisimama. Lakini VA inakubali pia ugonjwa uliochangia kifo kwa kiasi kikubwa, hata kama haukuwa sababu kuu. Tena, sheria ya Agosti 2022 imeorodhesha saratani na magonjwa kadhaa ya mapafu yanayochukuliwa kuwa yametokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini, bila familia kulazimika kuthibitisha uhusiano huo. Nchi zinazohusika si Iraki na Afghanistan tu. Somalia na Jibuti zimo. Kwa hiyo daktari aombwe kuandika ugonjwa wenyewe, si namna pumzi ilivyokatika.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mjane anayeishi Marekani mara nyingi anaaminiwa kwa maelezo yake ya maandishi kuhusu ndoa na watoto. Anayeishi nje ya Marekani anatakiwa kuleta ushahidi. Kanuni za VA zinataja wazi kwamba nakala ya kumbukumbu ya ndoa kutoka kanisani inakubalika, sawa na ile ya serikali. Kwa mtoto, inakubalika nakala ya kumbukumbu ya ubatizo. Ila mtoto aliyebatizwa zaidi ya miaka minne baada ya kuzaliwa, cheti chake peke yake hakitoshi, hivyo cheti cha kuzaliwa cha serikali kitafutwe mapema.

Nakala za kumbukumbu za kanisa au za serikali kutoka nchi za nje hazihitaji kuthibitishwa ubalozini, mradi ziwe na sahihi na muhuri wa mtunza kumbukumbu, na pasiwe na jambo jingine linalozitilia shaka. Mtunza kumbukumbu huyo ni paroko wako. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inadai kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na wafu. Ndugu zangu mafrateri, tunapotumwa likizo kusaidia ofisini na kuambiwa tujaze vitabu hivyo, tuandike majina yote matatu kwa mwandiko unaosomeka. Yohane wa kitabuni akiwa John kwenye hati ya jeshi, mjane atalazimika kueleza kuwa ni mtu yuleyule, na maelezo ya kiapo ya mashahidi wa ndoa yatamsaidia.

Ndoa ya kimila nayo haitupwi. VA huangalia kama ndoa ilikuwa halali kwa sheria ya mahali wenzi walipoishi walipooana, au walipokuwa wakiishi haki ya kulipwa ilipoanza. Kuishi mbalimbali kwa sababu ya kazi, kwa makubaliano, hakumnyimi mjane haki yake.

Muda ni jambo la kuharakisha. Dai likifika ndani ya mwaka mmoja tangu kifo, malipo huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa kifo. Likichelewa, huhesabiwa tangu lilipopokelewa, na miezi iliyopita imepotea. Fomu ya mjane na watoto ni 21P-534EZ. Wazazi wenye kipato kidogo wana yao, 21P-535, nao husahaulika sana ingawa mara nyingi marehemu ndiye aliyekuwa akiwatumia fedha. Iambatanishwe hati ya kutoka jeshini, DD 214. Ikikosekana, ndugu wa karibu wanaweza kuiomba kwenye kumbukumbu za taifa za Marekani zilizoko St. Louis. Kukosa karatasi moja kusiwazuie kutuma dai, kwa maana nyingine zinaweza kufuata.

Vyama vya askari wa zamani kama American Legion na DAV husaidia kujaza fomu bila malipo, na sheria hairuhusu mtu kutoza ada kwa kuandaa dai la kwanza. Akitokea wakala anayetaka asilimia fulani ya fedha za mjane ili "asukume faili", mama huyo asitie sahihi popote. Aje kwanza ofisi ya parokia, achukue nakala zake.