Raba ya Mlango Huchoka Kabla ya Kupasuka

Gari likiacha lami pale Kianjai wakati wa kiangazi na kushika barabara ya udongo, abiria wa kiti cha nyuma ndiye wa kwanza kujua hali ya raba za milango. Vumbi humjia kutoka mgongoni, ingawa gari linakwenda mbele. Linapokata upepo, gari huacha nyuma yake eneo la mgandamizo mdogo wa hewa, na vumbi lililotimuliwa na magurudumu huzunguka humo na kuganda kwenye mlango wa buti. Madirisha ya mbele yakiwa wazi kidogo, hewa ya ndani hunyonywa nje, na mwanya wowote wa nyuma hugeuka njia ya kuingilia. Moshi wa ekzosi nao hupitia papo hapo. Ndani yake mna monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoizuia damu kubeba oksijeni. Kwa hiyo anayesema raba ya mlango ni pambo tu anacheza na roho za watu.

Raba huziba kwa sababu ikibanwa hurudi. Molekuli zake ni minyororo mirefu iliyojikunja kama tambi ndani ya sufuria, na kinachoizuia isiteleze moja kwa moja ni vifungo vidogo vinavyoiunganisha. Charles Goodyear wa Marekani aligundua mwaka 1839 kwamba raba ikipashwa moto pamoja na salfa hupata vifungo hivyo.

Adui wa raba asilia ni ozoni. Sehemu chache tu za gesi hii katika kila milioni mia moja za hewa zinatosha kukata minyororo pale raba ilipovutwa, ndiyo sababu nyufa huanzia kwenye kona. Magari ya siku hizi hutumia zaidi raba ya EPDM, ambayo uti wa molekuli zake hauna vifungo maradufu vinavyoshambuliwa na ozoni. Masizi yanayoipa weusi huikinga pia na miale mikali ya jua letu la Ikweta. Lakini joto halina dawa. Raba ikibanwa miezi na miaka kwenye mlango unaochemka juani, vifungo vya zamani hukatika na vipya hujengeka raba ikiwa bapa, na huo ubapa ndio unaokuwa umbo lake. Utaiona nzima, nyeusi, haina ufa hata mmoja, na bado haizibi.

Ipime kwa kipande cha gazeti. Kifungie mlangoni, kisha ukivute. Kikitoka bila kukazwa, hapo pana mwanya. Zunguka mlango mzima, hasa kona za chini. Bonyeza raba kwa kidole gumba pia: iliyo hai huinuka mara moja, iliyochoka hubaki na bonde.

Ukilazimika kuibadilisha, raba iliyovuliwa kwenye gari kuukuu ni rahisi, lakini inakuja na ubapa wa mlango ilikotoka. Sponji la godoro ni baya zaidi, kwa kuwa hunyonya maji na kuyakalisha juu ya bati hadi lishike kutu. Ya kununua ni raba mpya yenye umbo na unene uleule, yenye mwanzi wazi ndani. Futa gundi ya zamani yote na ukaushe bati. Ukiipachika usiivute hata kidogo, maana iliyovutwa hujirudi polepole na kuacha pengo kwenye kiungo. Kiungo chenyewe kikae chini. Oili na grisi ziweke mbali, kwani EPDM huvimba na kulegea ikikutana nazo. Silikoni ya majimaji haiidhuru.

Nyumba za magurudumu za Marekani, zile zenye chumba kinachosukumwa nje, hugawa kazi hii kwa raba mbili: moja hufagia ukuta chumba kinapotembea, nyingine hubanwa kikifika mwisho. Mlango wa kusukuma wa matatu hauna anasa hiyo. Raba yake hukwaruzwa na kubanwa kila kituo, pamoja na mchanga ulioshikamana nayo, kwa hiyo inastahili kufutwa kwa kitambaa chenye maji kila jioni gari linapooshwa.

Mlango ukiwa mzito siku za kwanza, usimruhusu fundi aikate raba mpya. Itajilaza yenyewe.