Taka Ile Ni Mali, au Ni Sumu?

Leo tunataka kukufundisha neno moja juu ya taka. Labda utacheka na kusema, "Taka ni kitu cha kutupa tu. Mafundisho gani tena?" Ngoja kwanza. Zunguka nyuma ya nyumba yako utazame. Utaona maganda ya mihogo, chupa za plastiki, makopo, mifuko, mpira wa zamani wa motokari, na vipande vya nguo. Katika vitu hivi mna feza. Tena katika vitu hivi mna magonjwa. Mtu mwenye akili anajua kutenga kimoja na kingine. Mtu asiyejua atatupa mali yake na kuokota kifo.

Chupa yako inakwenda wapi?

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya vilima, kando ya ziwa Kivu. Mtu anatupa chupa ya plastiki katika mfereji wa kartie yake, naye anaisahau. Mvua inanyesha. Maji yanaibeba chupa ile mpaka ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, ndio mto Ruzizi. Na pale, karibu na mji, kuna kiwanda cha umeme cha Ruzizi I, kilichoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi, chupa nyingi za vilima vile zinafika mbele ya kiwanda. Zinarundikana kama kisiwa. Nyingine zinaingia ndani na kuharibu mashine. Watu wanafanya kazi ngumu ya kuzitoa majini. Mashine ikisimama, umeme unakatika.

Sasa fikiri vizuri. Umeme ukikatika usiku, mama anayezaa anasaidiwa gizani. Friji ya dawa za chanjo inapata joto. Munganga aliyeanza kumpasua mgonjwa anaita, "Leteni taa upesi!" Wewe uliyeitupa chupa umelala nyumbani, hujui kwamba mkono wako umefika mpaka chumba cha kupasulia.

Mama mmoja kijana wa Bukavu, Nicole Menemene, alitazama plastiki za ziwa kwa macho mengine. Alianzisha kazi iitwayo Plastycor. Wanakusanya plastiki za ziwani na kuzigeuza kuwa vitu vya nyumbani, kama vyungu vya maua, kisha wanaviuza. Chupa iliyookotwa na kuwa chungu haitafika tena kwenye mashine. Hivi mtu mmoja anapata mshahara, ziwa linapata usafi, na mji unasaidiwa.

Kule Nairobi, katika Kenya, mama mwingine kijana, Nzambi Matee, anafanya matofali ya kutandika njiani. Kazi yake inaitwa Gjenge Makers. Wanachanganya plastiki na mchanga, wanatia moto katika mashine, kisha wanakandamiza kwa nguvu. Mwaka 2020 alipewa zawadi ya vijana na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Angalia neno moja: kazi hii inafanywa kwa mashine na kwa ujuzi. Usijaribu kuyeyusha plastiki katika sufuria nyumbani kwako. Moshi wake ni mbaya sana kwa mapafu, zaidi kwa watoto.

Taka ya huyu ni chakula cha yule

Katika inchi ya Denmark, kule Ulaya, kuna mji mdogo wa bahari uitwao Kalundborg. Viwanda vyake vimezoea jambo la ajabu. Kila kiwanda kinamwuliza jirani yake, "Wewe unatupa nini? Labda mimi nitakitumia." Mwaka 1972 kiwanda cha kusafisha petroli kilianza kuuza hewa ya moto iliyokuwa ikiungua bure kwa kiwanda kingine kinachofanya mbao za plasta za ukutani. Kiwanda cha umeme kilipeleka mvuke wake kwa majirani badala ya kuuacha upotee. Tena zamani, kilipokuwa kinachoma makaa ya mawe, kilisafisha moshi wake, na katika kazi ile kikapata jasi. Jasi ile ikanunuliwa na wale wa mbao za plasta. Ni jasi ile ile tunayofungia mguu uliovunjika hapa hospitalini.

Katika mji ule kuna pia kiwanda cha insulini, dawa ambayo wagonjwa wengi wa sukari wanaijua. Chachu inayobaki baada ya kazi ilitengenezwa na kupewa nguruwe kuwa chakula. Hakuna aliyewalazimisha kuanza. Waliona tu kwamba kutupa kunakula feza, na kuuziana kunaleta feza.

Usiseme, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Hata kwetu yako. Viwanda vya mafuta ya mawese huchoma nyuzi na maganda ya ngazi ili kupata mvuke wa kuendesha mashine zao. Viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa vivyo hivyo, na uji mweusi wa sukari unaobaki hutoa alkoli, ambayo tunaitumia kusafishia ngozi kabla ya sindano. Viwanda vya pombe huuza makapi ya nafaka kwa wafuga nguruwe. Sisi hatuisifu pombe, wewe unajua. Lakini makapi yale hayakuwa na kosa, na nguruwe hawalewi.

Tazama tena sokoni. Fundi anakata mpira wa motokari na kushona kandambili zinazodumu miaka mingi. Mwingine anapiga bati la pipa la zamani na kufanya mbabula ya kupikia. Mshonaji anaunganisha vipande vya nguo na kupata mto au kitambaa cha kubebea mtoto. Mafundi hawa ni wafanya biashara wa kweli. Wanalisha watoto wao kwa vitu ambavyo wewe uliviruka njiani.

Tena kazi yao inaondoa ugonjwa. Mpira na kopo vikikaa nje hushika maji ya mvua. Humo anazaa mbu mwenye madoa meupe miguuni, ambaye anauma mchana. Huyu siye mbu wa malaria. Huyu analeta chikungunya, denge na homa ya manjano. Mwaka 2019 chikungunya iliwashika watu wengi katika Kinshasa na katika Kongo Central, wakaumwa na viungo hata wakashindwa kutembea. Basi mpira uliokuwa nyumba ya mbu, fundi ameugeuza kuwa kiatu. Umshukuru.

Wakati Bwana Yesu alipowalisha watu 5,000, aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vilivyobaki, wakajaza vikapu 12. Hakuona haya ya kuokota mabaki. Lakini kumbuka, waliokota mkate safi. Hawakuokota sumu. Na hapa sasa tunafika kwenye neno gumu.

Si kila kitu kinafaa kutumiwa tena

Sisi watu wa hospitali tutaanza na kosa la nyumba za waganga, ili usifikiri tunawahukumu wafanya biashara peke yao. Mwaka 1976, kule Yambuku, kaskazini mwa Kongo, kulikuwa na hospitali ya misioni. Sindano zilikuwa chache. Waliitumia sindano moja kwa wagonjwa wengi bila kuichemsha ipasavyo. Walitaka kupunguza gharama na kusaidia watu wengi. Lakini ugonjwa mpya uliingia, ule tunaouita leo Ebola. Sindano ikaubeba toka mtu huyu mpaka mtu yule. Watu 318 walishikwa, na 280 wakafa. Katika watumishi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Ndiyo maana leo sindano ni moja kwa mtu mmoja, kisha inaingia katika sanduku lake na kuchomwa. Mtu akikuletea sindano au bomba lililotumika, hata kama limeoshwa na kung'aa, ukatae. Na mtoto asiokote vitu nyuma ya hospitali.

Habari ya pili ni ya Senegal. Karibu na Dakar, mahali paitwapo Thiaroye-sur-Mer, watu walikuwa wakivunja batri za zamani za motokari ili kupata risasi, ile madini nzito ya ndani, na kuiuza. Bei ilipopanda, watu walichimba udongo uliojaa risasi, wakaupeleka nyumbani na kuuchekecha mbele ya nyumba zao. Watoto walicheza katika vumbi lile. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Mama zao hawakuwa wabaya. Walitafuta chakula cha watoto wale wale. Risasi haina harufu, wala haichomi mkono. Inaingia na vumbi, na kuharibu damu na akili ya mtoto.

Habari ya tatu niliiona mimi mwenyewe. Asubuhi moja baba alikuja mbio, amembeba mtoto wa miaka minne. Mate yalimtoka, jasho lilimwagika, mboni za macho zilikuwa ndogo kama tundu la sindano, mwili ulitetemeka. Tulimuuliza baba, "Amekula nini?" Akasema, "Amekunywa maji tu." Maji yale yalitoka katika bidoni nyeupe, nzuri, aliyoinunua sokoni kwa franka kidogo siku ile ya jana. Tulipoileta, tuliona alama ya karatasi iliyobanduliwa, na harufu ya dawa ya kuua wadudu wa shamba bado ilikuwa ndani. Munganga alimpa mtoto dawa ya mishipa usiku na mchana. Siku ya tatu aliomba bugali. Tulilia kwa furaha.

Yule aliyeiuza bidoni alikuja kumtazama mtoto. Alikuwa mtu tunayemjua, mtu wa kanisa. Alisema, "Niliiosha mara tatu kwa sabuni." Kweli aliiosha. Lakini sumu ile hukaa ndani ya plastiki yenyewe, na sabuni haiwezi kuitoa yote. Hatukumfukuza. Tulimfundisha. Siku hizi anauza bidoni za mafuta ya kupikia tu, na akipata bidoni ya dawa ya shamba anaitoboa kwa msumari mbele ya watu, ili mtu mwingine asiitumie. Amepoteza faida kidogo. Lakini watu wanamwamini, na biashara yake haijafa.

Ufanye nini basi?

Shika maneno haya saba, uyafundishe na jirani zako.

1. Tenga taka katika sehemu tatu: inayooza, ngumu, na yenye sumu. Taka iliyochanganywa haimfai mtu yeyote.

2. Inayooza, kama majani na maganda, itie shimoni, ufunike kwa udongo, iwe mbolea ya bustani yako ya sombe. Maganda ya mihogo michungu yana sumu. Uyakate na kuyaanika juani siku kadha mpaka yakauke kabisa kabla ya kuwapa mbuzi au nguruwe.

3. Chupa, bati, mipira na nguo usizitupe mferejini. Wape mafundi au wanaokusanya. Kama hakuna mtu wa kuzichukua, uziweke mahali pasipopata mvua.

4. Usiwashie mbabula kwa plastiki, wala usichome plastiki karibu na nyumba.

5. Bidoni na chupa za dawa za shamba, za asidi, au za petroli zisiwekwe kamwe maji, maziwa au mafuta. Zitoboe. Na ukinunua bidoni sokoni, muulize mwenye kuuza, "Hii ilikuwa na nini kwanza?" Asipojua, uiache.

6. Batri usivunje, wala usiruhusu watoto kucheza nazo. Fundi wa batri asifanyie kazi nyumbani, na anawe na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto wake.

7. Ukiwa na duka au kiwanda kidogo, kila juma uulize mambo mawili: "Ninatupa nini?" na "Nani karibu nami angeweza kukitumia bila kuumia?" Seremala anatupa unga wa mbao, mfuga kuku anautafuta kwa kutandikia kuku wake. Wao ni majirani, lakini hawajasemezana.

Tazama hayo maneno ya mwisho ya swali lile: bila kuumia. Hapo ndipo tofauti ilipo. Mfanya biashara mwema anahesabu faida yake, kisha anahesabu na watoto wa jirani. Ukiona kitu na hujui kama ni mali au ni sumu, usione haya. Njoo hospitalini na kukionyesha, ukiwa umekifunga vizuri na mikono yako imefunikwa. Tutakitazama pamoja. Kuuliza hakulipwi franka hata moja.

Na kama mtoto amekunywa kitu kibaya, usimtapishe, usimpe mafuta wala maziwa kuwa dawa. Mbebe upesi, na uilete ile bidoni. Hiyo itatuonyesha njia ya kumsaidia.