Resho ya kuzungusha bado inatufaa

Mbele ya kununua resho ya umeme yenye vifungo vya kugusa, tufikiri kwanza. Imetengenezwa kwa volti 220, lakini umeme wetu hupanda na kushuka. Ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza karti ya elektroniki, na karti hiyo mafundi wengi wa mtaa hawana. Hapo pesa ya minervali inanunua resho nyingine.

Resho ya zamani ina rezistansi, waya na kifungo cha kuzungusha tu. Rezistansi ikikatika, fundi anaibadilisha, watoto wanakula.

Sokoni tuulize: ikiharibika, nani ataitengeneza? Piesi zitatoka wapi? Na umeme ukikatika, tuchomoe kila chombo. Ukirudi, tungoje dakika chache.