Pakiti ipi itangulie?

Mgodi wa shimoni kama Bulyanhulu, mkoani Shinyanga, una mengi ya kusema kwa wakati mmoja: simu za waliopo chini, vipimo vya gesi na hewa, kamera, barua pepe za ofisi, na jioni video za wafanyakazi kambini. Laini moja ikijaa, kuna kitakachosubiri. Ruta isipoelekezwa, pakiti (kifungu kidogo cha data) iliyowahi kufika ndiyo inayowahi kutoka, na sauti ya simu hukatikakatika nyuma ya video.

Ili kuainisha pakiti, ruta husoma kichwa chake: anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji, itifaki, na namba za poti za pande zote mbili. Kwa kawaida huyapitisha hayo kwenye orodha ya kanuni kuanzia juu, na kanuni ya kwanza kuafikiana ndiyo hutumika. Kanuni pana ikitangulia huzifunika za chini yake, na hapo ndipo penye makosa mengi.

Kazi hiyo ni nzito, hivyo hufanywa ukingoni mwa mtandao. Ruta ya kwanza hugonga alama kwenye biti 6 za kichwa cha IP, ziitwazo DSCP, zilizowekewa kiwango mwaka 1998. Thamani zinazowezekana ni 64. Kwa desturi sauti hupewa 46. Ruta za mbele husoma alama hiyo tu na kuipeleka pakiti kwenye foleni yake.

Tatizo ni kwamba kompyuta yoyote yaweza kujipa 46. Ruta ya ukingoni isiiamini alama hiyo. Iifute na kuiandika upya. Poti nayo haisemi mengi siku hizi: 443 hubeba mkutano, filamu na malipo, vyote vikiwa vimefumbwa. Ndiyo maana napendelea vipimo vya gesi vipewe anwani za peke yake, zitambulike bila kubahatisha. Na msimamizi wa usalama wa mgodi akae na fundi wakati kanuni zinaandikwa, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kipi kikichelewa kinahatarisha uhai.

Kuainisha hakuongezi uwezo wa laini wala hakufupishi umbali. Kambi ya utafiti wa madini inayotumia satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta hupoteza takriban milisekunde 240 ishara ikipanda na kushuka tu, ilhali Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) hupendekeza sauti isichelewe zaidi ya 150. Na pakiti zikiingia kwa mtoa huduma, alama zaweza kufutwa. Kuheshimiwa kwa alama hizo kuandikwe kwenye mkataba.