Kuteleza bafuni kunavyomlaza mzee kitandani

KUANGUKA ni jambo ambalo jamii nyingi huliona kuwa sehemu ya uzee, sawa na mvi na kung'oka meno. Ajuza akiteleza bafuni huinuliwa, hukandwa kwa maji moto na kupewa pole. Mambo huishia hapo, hata pale ambapo nyonga imevunjika.

Kulingana na Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao 684,000 hufariki kila mwaka kutokana na kuanguka, wengi wao wakiwa na zaidi ya miaka 60. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika mataifa yenye mapato ya chini na ya wastani, Kenya ikiwa miongoni mwa mataifa hayo. Ripoti ya shirika hilo ya 2007 ilikadiria kwamba asilimia 28 hadi 35 ya waliotimiza miaka 65 huanguka kila mwaka. Katika makao ya wazee, kiwango hicho hufikia nusu ya wakazi.

Takwimu za makao hayo zisieleweke vibaya, kwani wanaopelekwa huko aghalabu huwa tayari wamedhoofika. Hata hivyo, uhaba wa wahudumu huchangia. Mzee aliyengoja kusindikizwa msalani usiku hatimaye huinuka peke yake gizani. Kumfunga kitandani si suluhu: misuli hulegea zaidi, na akijinasua huumia vibaya.

Nyumbani, mitego ni mingi: choo kilicho mbali uani, koroboi isiyomulika, sakafu ya saruji yenye povu la sabuni, kandambili zilizolika. Kuchutama kwenye choo cha shimo kunahitaji nguvu za mapaja ambazo mkongwe hana tena. Nguzo imara iliyochimbiwa kando ili aishike, au kiti kilichotobolewa tundu katikati, ni kazi ya fundi ya nusu siku tu, lakini ni boma chache zilizo navyo.

Mwili nao una yake. Mtoto wa jicho hupunguza uwezo wa kuona, na kisukari hutia nyayo ganzi. Dawa za shinikizo la damu huweza kuleta kizunguzungu mzee anapoinuka ghafla, nazo za usingizi humfanya ayumbe. Anayemeza dawa za aina nyingi anafaa kumpelekea daktari zote zikaguliwe, za mitishamba zikiwemo, badala ya kujiachia mwenyewe.

Wanawake wamo hatarini zaidi kuvunjika kwa kuwa mifupa yao hupoteza uzito baada ya hedhi kukoma. Nyonga ikivunjika, mguu mara nyingi huonekana mfupi na kugeukia nje. Usivutwe wala kukandwa. Upasuaji wa mapema, ikiwezekana ndani ya siku mbili, humwepusha mgonjwa na vidonda vya mgongo, nimonia na damu kuganda miguuni. Naye aliyegonga kichwa ilhali anatumia dawa za kuzuia damu kuganda apelekwe hospitalini hata akionekana mzima, kwani damu huweza kuvilia ubongoni polepole.

Baada ya tukio la kwanza, hofu huingia. Watoto humkataza mama yao kwenda shambani, wakidhani wanamhurumia, kumbe kuketi kutwa ndiko kunakomdhoofisha. Tathmini ya tafiti iliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka wa 2019 ilibaini kuwa mazoezi hupunguza visa vya kuanguka kwa asilimia 23. Yanayofaa zaidi ni ya kuimarisha miguu na usawa wa mwili, kama vile kuinuka kitini na kuketi mara kadhaa, au kusimama kwa mguu mmoja huku meza ikishikwa.

Kwa anayeishi peke yake, hatari nyingine ni kukaa sakafuni muda mrefu bila msaada, jambo linaloweza kuharibu misuli na figo. Simu iliyoning'inizwa shingoni humfaa kuliko iliyoachwa juu ya kabati, na jirani mmoja awe na ufunguo wa ziada.